Kwa nini hatufungi hita ya gesi bila bomba la moshi

Lalamiko ni lile lile: "Nyinyi wezi. Fundi wa hapa mtaani ananifungia hita kwa nusu ya hiyo pesa." Wa karibuni ni mama mmoja wa Donholm aliyeamini tumemwekea kazi ya kutoboa ukuta ili bili ipande. Tulimjibu kwa simu, lakini kwa vile swali halituachi, acha tulijibu hapa.

Hiyo nusu anayopunguziwa ndiyo bomba la moshi. Hita inayopasha lita sita za maji ya kuoga kwa dakika huwaka kwa kilowati 12 hivi, yaani kama meko matano ya jiko la gesi ukiyawasha pamoja ndani ya bafu ambalo hata kugeuka ni shida. Moto huo unakula hewa ile ile unayovuta wewe. Hewa ikipungua, gesi haiungui sawasawa, na kinachotoka ni kaboni monoksidi. Gesi ya mtungi hutiwa harufu makusudi ili ikivuja ujue. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inaua.

Kuna nyumba Kasarani tuliitwa kwa kuwa "hita inawaka vibaya". Ilikuwa Julai, na kwa ile baridi wenyewe walikuwa wameziba dirisha la bafu kwa nailoni. Hita imetundikwa juu ya choo, tundu la moshi linatazama dari. Dari imeshika masizi upana wa sinia, na moto ni wa manjano badala ya samawati. Binti yao alikuwa akitoka kuoga na kizunguzungu na kichwa kinamgonga, wao wanampeleka kupimwa malaria. Tulifunga gesi kwanza, mengine tukayazungumza baadaye.

Sasa bei. Kuta nyingi hapa Nairobi ni za mawe, na kutoboa jiwe bila kupasua vigae si kazi ya haraka haraka. Bomba tunalilaza lishuke kidogo kuelekea nje, maji ya mvua yasirudi kwenye hita, na mdomo wake hatuuelekezi dirishani kwa jirani. Mtungi unakaa nje, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutulia sakafuni. Halafu tunapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio, tunafungua gesi, tunasubiri. Povu likivimba, tunafungua na kukaza upya. Fundi wa nusu bei anapitisha kiberiti. Tumemwona akifanya hivyo, na mwenye nyumba amesimama pembeni akimsifu kwa wepesi.

Huyo huyo ndiye anayekufungia regyuleta (kile kifaa cha kwenye mtungi kinachopunguza presha ya gesi) ya jiko la hoteli "ili maji yachemke". Hita inataka ile ya presha ya chini, milibaa 30 hivi. Ukiipa zaidi, moto unatoka nje ya sanduku lake, na gharama ya hita mpya hatakuchangia.

Kwa wanaolalamika kuwa mtungi unaisha mapema: hita hiyo ya lita sita hula karibu kilo moja kwa saa. Watu wanne wakioga dakika kumi kila mmoja, mtungi wa kilo 13 ni wiki tatu hivi, na hapo bado hujapikia. Hakuna aliyekuibia.

Wa ghorofa ya juu, msinunue kabla hatujapima presha ya maji. Tangi likiwa mita mbili tu juu ya shawa, unapata baa 0.2, na hita nyingi hapo zinagoma au zinawaka na kuzima. Wengi huirudisha dukani wakidai ni mbovu, kumbe ilihitaji pampu ndogo tu.

Ukitupigia, tutumie picha ya ukuta wa bafu kwa nje na mahali tangi lilipo, na kama umepanga, uliza landilodi kwanza kama anaruhusu ukuta utobolewe. Akikataa, tutakushauri shawa ya umeme. Hita hatutafunga.