Kabla Hujakodi Gari kwa Likizo ya Mjini, Hesabu Siku Litakazotembea

Msimu wa likizo ukikaribia, maombi tunayopokea hufanana sana: familia inakwenda kukaa wiki nzima mjini, nayo inataka gari tangu inapotua uwanja wa ndege hadi siku ya kuondoka. Sisi kazi yetu ni kukodisha magari, na kukabidhi funguo ni jambo la dakika chache. Hata hivyo, kabla ya kuandikiana mkataba tunamwuliza mteja: katika siku hizo, ni zipi ambazo gari litatembea?

Wengi wakianza kuhesabu hugundua ni mbili, pengine tatu. Siku nyingine ni za makumbusho, masoko, bustani na matembezi ya mitaa ya kale, na hizo zote mara nyingi ziko karibu karibu, katikati ya mji. Gari lililoegeshwa unaendelea kulilipia. Kodi ya siku iko palepale, unaongeza maegesho ya usiku hotelini, kisha maegesho mengine kila unapokwenda mchana. Hoteli nyingi za katikati ya mji hazina maegesho yake, na zilizo nayo hutoza kwa kila usiku, bei ambayo ni rahisi kutoiona wakati wa kuhifadhi chumba. Kwa hiyo piga simu hotelini kwanza, kabla hujatupigia sisi.

Halafu kuna miji ambayo yenyewe haitaki gari lako. London inatoza magari yanayoingia katikati ya mji tangu 2003. New York ilianza Januari 2025 kwa sehemu ya Manhattan iliyo kusini mwa Mtaa wa 60. Lakini inayowaumiza wageni zaidi, kwa maoni yetu, ni miji ya Italia. Roma, Florence na Pisa zina maeneo ambayo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia kwa saa fulani. Hakuna geti wala askari wa kukurudisha. Kuna bango tu, na kamera inayosoma namba za gari. Unapita, unafurahia likizo yako, unarudi nyumbani. Miezi baadaye inakuja barua ya faini, na kampuni iliyokukodishia inakata ada yake kwa kuwapa polisi jina lako. Ukipita mara tatu, tarajia faini tatu. Kama hoteli yako iko ndani ya eneo hilo, waulize kama wanaweza kusajili namba za gari lako, na waulize kabla hujafika. Venice ni rahisi zaidi kuieleza: gari linaishia kwenye maegesho ya Piazzale Roma au Tronchetto, mbele ya hapo ni miguu na mashua.

Si kila mji uko hivyo. Los Angeles imetandaa sana, na mtu anayetaka kuona fukwe na milima kwa siku moja atachoka kusubiri basi. Huko gari lina kazi kila siku, na hatutamshauri mtu aliache.

Wazee na watoto wadogo ndio sababu tunayoisikia zaidi ya kukodi gari, na ni sababu ya kweli. Mtu mwenye magoti mabovu hawezi kushuka na kupanda ngazi za treni ya chini ya ardhi siku nzima. Ila fikiria hatua ya mwisho ya safari. Teksi inamshusha mama mlangoni pa makumbusho na kuondoka zake. Gari la kukodi unaliendesha wewe mwenyewe: ama umwache peke yake mlangoni ukatafute nafasi, ama mtembee pamoja kutoka maegesho, ambayo huenda yako mitaa kadhaa mbali. Kwa mzee, mara nyingi teksi inamfaa zaidi, na inafaa kulinganisha nauli zake na gharama yote ya gari, maegesho yakiwemo. Kwa safari ya kwenda kijijini au ufukweni nje ya mji, hapo gari lina raha yake: kiti cha mtoto kimefungwa, mnasimama mnapotaka.

Ndiyo maana tunapendekeza ugawe likizo. Siku za mjini tumia treni, tramu, basi na miguu. Gari lichukue asubuhi ya siku unayotoka mjini. Lichukue tawi la mjini ikiwezekana, kwa sababu matawi ya uwanja wa ndege mara nyingi huongeza ada. Angalia saa za kufunga, hasa Jumapili. Siku ya kodi kwa kawaida ni saa 24, hivyo anayechukua saa tatu asubuhi na kurudisha saa saba mchana siku ya pili anaweza kulipia siku mbili.

Kabla ya kulipa, soma mambo mawili kwenye mkataba: dhamana itakayozuiwa kwenye kadi, na kiasi utakachobeba mwenyewe gari likigongwa, hata ukiwa na bima. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, si la mwenzake. Leseni nayo iangaliwe mapema. Japani, kwa mfano, inatambua vibali vya kimataifa vya kuendesha gari vilivyotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949 wa usafiri wa barabarani, na si vya Mkataba wa Vienna wa 1968. Ukishafika, piga picha pande zote za gari, magurudumu na kipimo cha mafuta, wakati wa kuchukua na wa kurudisha.

Ukituandikia, tutumie ratiba yako jinsi ilivyo, hata kama haijakamilika, pamoja na jina la hoteli na idadi ya mabegi. Tutakuonyesha siku za kuchukua gari na siku za kuliacha, na kama hulihitaji kabisa tutakuambia hivyo.