Rubani aliyegeuza ndege hakukosea

Mhariri,

Mimi ni dereva wa teksi hapa Entebbe. Juzi alfajiri ukungu ulitanda kutoka ziwani hata taa za maegesho zikafifia. Ndege niliyokuwa naisubiri ilizunguka weee, kisha ikaenda zake Nairobi. Mzee mmoja aliyekuja kumpokea bintiye akafoka: "Rubani gani huyu? Si angengoja kidogo tu!"

Angengoja kwa mafuta yapi? Ndege haiegeshwi kando ya barabara kama hii Toyota yangu. Kabla ya kuruka hupigwa hesabu ya mafuta ya safari, ya kufika uwanja mbadala, na juu yake akiba ya mwisho: kwa ndege ya jeti, dakika 30 za kuzunguka angani. Rubani akiona atatua akiwa ameila akiba hiyo, sharti atangaze dharura. Ndiyo maana huamua mapema, mafuta yakiwa bado yapo.

Wanaobisha wakumbuke Avianca 52, ndege ya abiria ya Kolombia, Januari 1990. Ilisubirishwa angani zaidi ya saa nzima ikielekea New York, hali ya hewa mbaya. Marubani walisema mafuta yanakwisha, lakini neno dharura hawakulitamka kwa waongozaji wa ndege. Injini zikazima, watu 73 wakafa.

Ninacholalamikia mimi ni kimya cha kaunta. Saa tatu nzima hakuna tangazo, nami nikapoteza wateja wawili. Yule mzee nilimnunulia chai na chapati, ndipo akatulia.

Dereva wa teksi,
Entebbe