Barua ya malalamiko: Mnatutoza kwa kutukutanisha na mgeni, kisha mnatuziba mdomo

Kilindoni, Mafia,
Machi 2025.

Meneja wa Huduma kwa Washirika,
Kampuni ya Kuhifadhi Vyumba Mtandaoni,
Ofisi ya Afrika Mashariki,
Nairobi.

Ndugu Meneja,

YAH: KUZUIWA KWA MAWASILIANO KATI YETU NA WAGENI, RAMANI ISIYO SAHIHI, NA MAKATO

Kichwa cha barua hapo juu chahusika.

Mimi ni mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba sita hapa Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia, na tumo kwenye tovuti yenu tangu mwaka 2019. Nimeamua kuandika barua kwa sababu njia nyingine mlizotupa zimeishia kwenye majibu ya kompyuta, yale yanayoanza na "Mpendwa mshirika" na kumalizika kwa kuniuliza kama nimeridhika na huduma, wakati huduma yenyewe bado sijaiona.

Lalamiko langu kubwa ni moja, mengine yanalifuata nyuma. Kampuni yenu inanitoza kamisheni kwa kazi ya kunikutanisha na mgeni. Mgeni akishafanya buking, mfumo wenu huohuo unanizuia nisizungumze naye mpaka afike mlangoni. Kwa hoteli ya katikati ya Nairobi au Dar es Salaam pengine hilo halina madhara; mgeni anashuka kwenye teksi, anatoa pasipoti, anapewa ufunguo. Mafia ni kisiwa. Asiyekuja kwa ndege ndogo anapanda gari Mbagala Rangi Tatu, anashika barabara ya Kilwa hadi Bungu, anakata kushoto kwenda Nyamisati, ndipo avuke bahari kwa saa kadhaa. Boti na kivuko vinafuata maji. Maji yakipwa chombo kinasubiri, upepo ukichafuka kinaahirishwa, na saa ya kuondoka ya leo si lazima iwe ya kesho. Sisi wa huku tunaijua kwa kumpigia simu wakala wa tiketi jioni. Mgeni anaijua kwetu, au haijui kabisa.

Januari mwaka huu, katikati ya msimu wa papa potwe, wale samaki wakubwa ambao watalii huja kuwaona, wageni wawili kutoka Ulaya walikuwa waje kwa njia hiyo. Jioni ya kuamkia safari nikaambiwa safari ya boti imewahishwa, itaondoka saa kumi alfajiri badala ya asubuhi. Nikawaandikia palepale kupitia mfumo wenu, kwa Kiingereza, kwamba walale Nyamisati usiku huohuo na wampigie wakala awawekee nafasi, nikaweka na namba yake. Kwenye simu yangu yakatokea maneno kwamba ujumbe unakaguliwa kwa sababu za usalama. Nikajaribu kuandika upya bila namba, nao ukazuiwa, safari hii na onyo kwamba akaunti yangu inaweza kusimamishwa. Barua pepe mnayotuonyesha si ya mgeni, ni ya kwenu, inapita kwenye chujio hilohilo. Simu yao mlikuwa mmeificha.

Walifika gatini asubuhi boti imeshaondoka. Walipowasili kwangu siku iliyofuata, yule bwana alinionyesha simu yake bila hata kuketi. Ujumbe wangu ulimfikia saa sita mchana, na mahali pa namba ya wakala pamejaa nyota tupu. Walikuwa wameshakosa siku yao ya kwenda kuona papa potwe, nami nilikuwa nimeshamlipa nahodha na mafuta. Wiki moja baadaye wakaandika kwenye ukurasa wetu kwamba malazi ni safi, chakula kizuri, lakini mwenyeji hakuwajulisha mabadiliko ya boti. Wakatupa alama 4 kati ya 10. Siwalaumu, kwa upande wao hayo ndiyo yaliyotokea. Nilipowaomba ninyi mweke hata maelezo mafupi pembeni, mlijibu kwamba maoni ni mali ya mgeni na hayakiuki sera zenu. Tukashuka chini ya 9, na kwa chujio la alama ambalo wageni wengi hulitumia, maana yake tumetoweka.

Najua sababu mtakayoitoa. Wapo matapeli wanaoingia kwenye akaunti za hoteli na kuwatumia wageni viungo vya malipo ya uongo. Jambo hilo lipo duniani kote na limewaumiza watu. Sawa. Zuieni viungo, zuieni namba za kadi. Lakini namba ya wakala wa boti inamwibia nani? Na mkisema mnaogopa nitamshawishi mgeni alipe kwangu moja kwa moja ili nikwepe kamisheni, mgeni huyu alikuwa ameshalipa, tena kwenu. Hapakuwa na kitu cha kukwepa.

La pili ni ramani. Nyumba yangu iko Kilindoni, mwendo wa miguu kutoka uwanja wa ndege. Ina kibao cha anwani ya makazi, chenye namba na jina la mtaa, tangu zoezi la mwaka 2022. Mfumo wenu umeiweka Utende, upande wa pili wa kisiwa, nadhani kwa sababu hoteli nyingi kubwa za Mafia ziko huko. Mtu wa ofisini ataona ni nukta tu imehama kidogo kwenye kioo. Kwa anayeijua Mafia si kidogo. Utende imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na barabarani kuna geti ambalo mgeni wa kigeni analipia kiingilio kwa dola, kwa kila siku. Kilindoni iko nje ya hifadhi. Papa potwe nao wanaonekana zaidi upande wetu huu wa magharibi, na ndiyo sababu mtu mwenye akili zake analala Kilindoni kati ya Oktoba na Februari.

Sasa mgeni anashuka kwenye ndege, anafungua ramani yenu, anachukua bajaji, anapita mbele ya mlango wangu, anakwenda kulipa kiingilio cha hifadhi asiyolala, anafika Utende anakuta nyumba ya mtu mwingine. Kisha anarudi amekasirika na mimi ndiye wa kumpokea. Yupo aliyenidai nimrudishie fedha ya geti, na nilimrudishia kwa kuogopa alama. Nimewatumia picha ya kibao, picha ya leseni ya biashara na picha ya satelaiti. Jibu lenu lilinitaka nitume bili ya umeme yenye anwani ya nyumba. Umeme wetu ni wa LUKU, tunanunua kwa simu, bili haiji nyumbani. Mwenye ofisi Nairobi, ambako tokeni za umeme zinanunuliwa vivyo hivyo, hakupaswa kuelezwa hilo.

Makato nitayapitia haraka, maana hesabu yake inajieleza. Chumba changu ni shilingi 100,000. Punguzo la wanachama wenu ni asilimia 10, kinabaki 90,000. Punguzo la anayetumia simu ni asilimia 10 nyingine, 81,000. Hapo mnakata kamisheni ya asilimia 15 na nyongeza ya asilimia 3 ya programu ya washirika wateule, jumla 14,580. Benki inachukua asilimia 3 ya malipo ya kadi. Kinachonifikia hakifiki 64,000, na bado sijanunua samaki, sijamlipa dada wa usafi, sijafika halmashauri. Mapunguzo hayo mnayatangaza kwa jina lenu wakati mfuko ni wangu. Mtasema nilikubali. Nilikubali baada ya kuandikiwa kwamba asiyejiunga "ataonekana mara chache zaidi", na kila mwenye vyumba anaelewa maana ya maneno hayo.

Kuipata hiyo 64,000 nako ni kazi. Mnalipa kwa kadi isiyoshikika, namba tupu kwenye kioo, na mashine ya benki niliyopewa inataka kadi ya kuchanja. Njia ya benki mnaiachia mpaka salio lifike kiwango mlichojipangia, na benki ya kati huko njiani nayo inakata chake. Nimeomba mara kadhaa nilipwe kwa M-Pesa, Mixx by Yas au Airtel Money. Nikaambiwa njia hizo "hazipatikani katika eneo lako". Eneo langu lote linaishi kwa njia hizo, na ofisi yenu iko katika mji ambao muuza sukuma wiki analipwa kwa M-Pesa.

Kuna jambo jingine ambalo labda hamdhani tunaliona. Mtu akiandika jina la nyumba yangu kwenye mtambo wa kutafuta, la kwanza linalotokea ni tangazo lenu, limelipiwa, kwa jina langu. Mgeni aliyelala kwangu mwaka jana, anayerudi kwa kunikumbuka mimi, anabonyeza hapo na mimi namlipia kamisheni upya kana kwamba ninyi ndio mliomtafuta. Na mkataba wenu unanikataza kuweka bei ya chini zaidi kwenye tovuti yangu. Kifungu cha namna hiyo Ufaransa ilikipiga marufuku kwa sheria mwaka 2015, ikafuata Austria 2016, Italia 2017 na Ubelgiji 2018. Hoteli ya Paris inaweza kumuuzia mgeni wake kwa bei inayoitaka. Ya Kilindoni haiwezi, na sijawahi kupata maelezo kwa nini.

Basi ninachoomba ni hiki. Kwa visiwa na maeneo yanayofikiwa kwa boti, mgeni akishathibitisha buking, fungueni mawasiliano: namba yake ya simu nionyeshwe na ujumbe wangu umfikie muda uleule, iwe kwa mfumo wenu au kwa WhatsApp. Hili ndilo la kwanza na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Maoni yale ya Januari yaondolewe kwenye hesabu ya alama zetu, kwa kuwa kumbukumbu za kuchelewa kwa ujumbe mnazo ninyi wenyewe. Nukta ya ramani irudishwe Kilindoni kwa ushahidi niliokwisha kuutuma, na fedha ya geti niliyomrudishia mgeni nilipwe. Matangazo kwa jina la nyumba yangu yakome, au buking zinazopitia hapo zisitozwe kamisheni. Kuhusu malipo kwa simu na kifungu cha bei, nitaridhika kwa kuanzia nikipata jibu la maandishi lenye jina na cheo cha mtu aliyelitoa.

Masika yanaingia na Aprili na Mei nyumba nyingi huku hufungwa, kwa hiyo muda wa kulishughulikia hili upo. Nasubiri hadi tarehe 31 Mei. Nisipopata jibu, vyumba vyote sita vya msimu wa Oktoba nitavitoa kwenye tovuti yenu na kuvipeleka kwa mawakala wa Dar es Salaam ambao nimeshazungumza nao. Wao kamisheni yao ni asilimia 10, na mgeni wanamleta na namba yake ya simu.

Wako katika biashara,

Mwenye nyumba ya wageni,
Kilindoni, Mafia.

Nakala: Ofisa Utalii, Halmashauri ya Wilaya ya Mafia.

Viambatanisho: picha ya ujumbe uliofutwa namba, picha ya kibao cha anwani ya makazi, nakala ya leseni ya biashara, stakabadhi ya geti, na taarifa ya makato ya Januari.