Probiotiki hazikwangui ugaga

Mhariri,

Tembe za kumumunya zenye bakteria hai, ziitwazo probiotiki, sasa zinanadiwa kama tiba ya fizi zinazotoka damu. Sisi tunaotibu fizi tunawasihi wasomaji wako wasizitegemee peke yake, maana wakati wanapozisubiri zifanye kazi, mfupa unaoshika jino unaendelea kuliwa.

Chanzo cha uvimbe wa fizi, unaozitoa damu, ni utando wa bakteria unaojijenga pale jino linapokutana na ufizi. Mwaka 1965 mtafiti wa fizi Harald Löe na wenzake waliwaachisha watu 12 kusafisha meno. Ndani ya wiki 3 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia mswaki, uvimbe ulipungua kwa muda wa wiki moja hivi. Utando ukiachwa hushika madini na kuwa ugaga, ambao mswaki hauuwezi, sembuse tembe. Chini ya ufizi huanza kufanyika mfuko, na humo hustawi bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis na wenzake wasiopenda hewa. Kina cha mfuko cha milimita 1 hadi 3 si cha kutisha. Kikifika 4 na zaidi na damu ikatoka, panahitaji kukwanguliwa kwa vifaa.

Probiotiki zimejaribiwa kama nyongeza ya ukwanguaji huo, hasa zenye bakteria aitwaye Limosilactobacillus reuteri: tembe 1 asubuhi na 1 usiku, baada ya mswaki, imumunywe taratibu mpaka iyeyuke yote. Ukiimeza nzima, bakteria hupitiliza tumboni. Ukisukutua kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya kinywa, papo hapo, unawaua wale wale uliowanunua. Na hata ukizitumia sawasawa, bakteria hao hawaweki makazi. Ukiacha tembe, hutoweka kinywani.

Majaribio hayo hayajatoa jibu moja, na mwongozo wa Shirikisho la Periodontolojia (tiba ya magonjwa ya fizi) la Ulaya wa 2020 unashauri zisiongezwe kwenye ukwanguaji. Tunauunga mkono: pesa hiyo inunue kwanza vibrashi vya katikati ya meno. Mwenye kinga dhaifu au vali bandia ya moyo asizitumie kabla ya kumuuliza daktari wake.

Anayeona damu asiogope kusugua. Apige mswaki mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, akielekeza nywele za mswaki kwenye ukingo wa ufizi, na apitishe kibrashi kila siku. Damu ikiendelea baada ya wiki 2, akapimwe mifuko. Mvutaji wa sigara asingoje damu kabisa: sigara huificha, ugonjwa ukakomaa kimya kimya.

Matabibu wa kinywa na meno