Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: Turudishie ringi yetu

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,

YAH: RINGI YA UWANJA WA KIKAPU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza salaam, na pole na majukumu. Barua hii ni ya tatu. Ya kwanza niliileta ofisini kwako kwa mkono, ikagongwa muhuri wa "imepokelewa", nikaondoka na nakala nimefurahi kama mtu aliyepata hati ya kiwanja. Ya pili niliambiwa niiache mezani. Simu yako anapokea kijana mmoja mwenye adabu sana, na kila nikipiga Mheshimiwa yuko kikaoni. Sina neno, vikao ndiyo kazi. Ila tangu mwezi wa tatu, Mheshimiwa, kikao gani hicho? Basi hii ya tatu naiweka hadharani, majirani waisome pamoja na wewe.

Nijitambulishe, huenda umenisahau. Mimi ni yule fundi cherehani wa kona ya kituo cha bodaboda, niliyekupunguzia suruali ya suti usiku wa kuamkia kuapishwa kwako. Hela ya kupunguza bado sijaiona, lakini leo sikuja kwa hilo.

Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja jioni, kijana wetu tunayemwita Mlingoti aliruka kudanki, yaani kuutumbukiza mpira kwa mkono, kwenye ringi aliyojitengenezea mwenyewe: rimu ya baiskeli, imepigiliwa misumari kwenye mwarobaini nyuma ya soko. Rimu ikang'oka. Msumari ukamchana kiganja cha kulia, mkono huohuo anaorushia mpira. Nyuzi tano. Mimi ndiye niliyekaa naye kwenye benchi la zahanati, miguu yake imeziba korido nzima, wagonjwa wanairuka. Muuguzi akaniuliza, "Huyu mtoto kwa nini hachezei uwanjani?" Nikamwambia swali hilo nitalifikisha kwa mwenyewe. Ndiyo nimelifikisha.

Maana uwanja tunao, au tulikuwa nao. Ringi ya upande wa soko iliondoka na zile mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023. Nguzo ilikuwa imeoza chini, ikalala taratibu kama mzee. Tukabaki na ya upande wa msikiti. Mwezi wa tatu mwaka huu lori la kokoto za kalavati likapiga rivasi, dereva anaongea na simu, akaikunja ile nguzo katikati. Ulifika siku ileile, nakupa haki yako. Ulivaa kofia ya ujenzi, ukapigwa picha, ukatuambia mkandarasi atalipa. Wiki mbili baadaye nguzo iliyokunjika, bodi na ringi yake vyote havikuwepo. Mlinzi anasema walikuja watu na toroli na karatasi. Sisemi ni nani. Nasema tu chuma hakina miguu, na wanunuzi wa chuma chakavu wako mita mia mbili kutoka pale. Kokoto zenyewe bado zipo, zimeota majani, mbuzi wanapanda juu kuangalia mandhari.

Nilipoulizia, nikajibiwa suala liko kwenye mchakato. Nilipouliza mchakato umefika wapi, nikaambiwa fungu halijatoka. Nilipouliza fungu linatoka lini, nikaambiwa nisilete siasa.

Sasa nikueleze huyu Mlingoti ni nani, kwa sababu nahisi unadhani tunagombania mchezo wa watoto. Ana miaka 17. Januari mwaka jana mama yake alimleta kupimwa suruali ya shule. Futikamba yangu ina sentimita 150, na kwa mteja wa kawaida inatosha na kusaza. Yeye ilibidi nimsimamishe ukutani, nipime mpaka ilipoishia, nichore chaki, nianze upya. Sentimita 203. Nikamwachia lupindo la inchi mbili makusudi. Mwezi wa sita akarudi, nikalishusha nusu. Desemba nikashusha lililobaki. Mwaka huu nimeunga kitambaa kipya chini, na kwa vile kile cha zamani kimepauka, suruali ina rangi mbili kama bendera. Mara ya mwisho ukuta wangu ulisoma 211. Chaki zote bado ziko pale, karibu uzione, hazihitaji fungu.

Viatu anavaa namba 51. Niliacha kazi siku mbili nikazunguka soko la Karume nikiulizia. Muuzaji mmoja akaniuliza nataka kiatu au mtumbwi. Nilikuja kuvipata kwa elfu themanini, hela niliyokuwa nimetenga kwa mota ya cherehani. Mpaka leo nashona kwa kukanyaga, na goti langu la kushoto unalijua, Mheshimiwa, ulinikuta nalo likiuma. Wateja wa sare wamehamia kwa yule wa mashine mbili. Silalamiki. Au nalalamika, andika hivyo.

Msimu huu ndiyo kwanza ameingia timu yetu ya mtaa, na mechi yake ya kwanza hakuna aliyebaki nyumbani. Mama wa mihogo alifunga karai. Tulienda kucheza ugenini, kama kawaida yetu sasa, kwa daladala mbili. Akaingia kipindi cha pili kama senta, yule mrefu wa kukaa chini ya ringi. Mpira wa kwanza aliobloku ulivuka uzio. Watu wakapagawa. Halafu yakaanza mengine: kila akidaka ribaundi, mpira uliokosa na kurudi, anaushusha mpaka kiunoni, na pale kiunoni ndipo wafupi wanapoishi. Walimpokonya mara nne. Benchi zima likawa linapiga kelele, "Juu! Mpira juu!", mpaka mama wa mihogo akajua kosa lenyewe. Na mara mbili aligusa mpira ukiwa tayari unashuka kwenye ringi, mwamuzi akawapa wenzetu pointi. Dakika tisa, faulo nne, akatoka amejifunika taulo.

Vitu hivyo viwili havifundishwi kwa mdomo. Kubakiza mpira juu, na kujua sekunde ipi uuguse na sekunde ipi uuache, mwili unajifunza chini ya ringi, mara elfu, kisha elfu nyingine. Ringi yenye futi zake 10 kamili. Ile rimu yake ya mwarobaini ilikuwa futi nane na kitu. Mtoto anazoea kimo cha uongo, akifika uwanja wa kweli mikono inawahi au inachelewa.

Mheshimiwa, watu wa umri wetu tuna jeraha letu kuhusu watoto warefu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 2009 tulikuwa kumi na moja sebuleni kwa jirani mwenye dishi. Kule New York ilikuwa jioni, huku saa nane usiku imepita, na timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zilikuwa zinachagua wachezaji wapya kwa zamu. Blake Griffin akaitwa wa kwanza, hilo lilijulikana. Wa pili, Memphis Grizzlies, wakamchukua Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar es Salaam! Aliyesoma Makongo! Futi saba na inchi tatu, mchezaji bora wa ulinzi wa ligi yao ya vyuo miaka miwili mfululizo akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Tulipiga kelele mpaka mwenye nyumba akazima jenereta. Asubuhi kila mtoto mwenye miguu mirefu mtaani alikuwa senta.

Kilichofuata unakijua. Msimu wa kwanza pointi 3.1 kwa mechi, katika mechi 68. Februari 2010 akashushwa ligi ya maendeleo, kwa Dakota Wizards. Halafu Houston, Portland, Oklahoma City. Na kila ukitaja jina lake kijiweni, hakosekani mjuaji wa kukukumbusha kwamba James Harden alichukuliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba, nao wakaja kuwa nyota wakubwa. Wanamwita garasa. Garasa! Mtu amepenya mpaka kwenye NBA, anaitwa garasa na mtu ambaye hajawahi kupenya mlango wa nyuma wa daladala.

Wapo wenye sababu zao nyingi za kwa nini hakung'ara. Mimi fundi nina ya kwangu, na siwezi kuiapia: alichelewa kuushika mpira. Alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Miaka saba baadaye yuko Memphis anakabana na watu waliolala na mpira kitandani tangu wana miaka sita. Urefu alikuwa nao wote. Masaa ndiyo hakuwa nayo. Kitambaa kizuri ukikikata kwa haraka, utakishona utakavyo, kitavuta tu upande mmoja.

Na tazama hapo jirani. Senta mwingine, Khaman Maluach, kazaliwa Rumbek, Sudan Kusini, familia ikakimbilia Uganda, na kikapu kakijulia Kampala akiwa na miaka 13 hivi. Inasimuliwa kuwa mwanzoni alicheza na makubazi ya Crocs, hana viatu vya mchezo. Ila alikuwa na ringi. Kutoka hapo akachukuliwa na akademi ya NBA kule Saly, Senegal, akacheza BAL, ligi ya klabu za Afrika, na wakubwa, akiwa na miaka 17 akawa Olimpiki ya Paris na taifa lake, baada ya hapo Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na Juni 2025 akachaguliwa wa kumi kwenye NBA, akaishia Phoenix Suns. Alilia pale mbele ya kamera, nami nikalia hapa mbele ya cherehani, sijui hata kwa nini. Mwanzoni hawakumpa dakika nyingi, na tayari nimesikia lile neno la garasa likianza kunong'onwa. Mtoto wa miaka 19! Senta ni kama mnazi, ndugu yangu. Hauzai mwaka uliopandwa.

Huyo kapita Kampala, si mbinguni. Kigali nao walijenga ukumbi wa watu 10,000 kwa miezi sita, ukafunguliwa 2019, na BAL ilipoanza 2021 ikaanzia hapo. Sikutajii Kigali ili kukuudhi. Nataja tu kwamba wao ukumbi mzima miezi sita, sisi nguzo moja tangu mwezi wa tatu.

Na ahadi hazikuwa zetu, zilikuwa zako. Ulisimama juu ya pikapu palepale uwanjani ukasema, na wapo walionasa kwa simu, kwamba utatujengea uwanja wa kisasa, wenye sakafu laini, taa za usiku, jukwaa na vyoo. Ukaomba mpira, ukarusha, ukakosa, ukarusha tena ukakosa, ya tatu ikaingia tukakubeba mabegani. Ile ringi uliyofungia ndiyo hiyohiyo. Hata kwa ajili ya kumbukumbu yako tu ungeililia.

Nilikuwa nimeandaa orodha ya madai. Taa, kokoto ziondolewe, mkandarasi atajwe jina, sakafu izibwe nyufa. Nimeifuta. Nikikuomba vitano utaniletea tume ya kuvichunguza. Taa acha, tutacheza mchana. Sakafu acha, tumezoea. Kokoto tutazihamisha wenyewe kwa ndoo, vijana wapo. Jukwaa tutakaa juu ya ndoo hizohizo. Mkandarasi mwache na Mungu wake.

Ringi, Mheshimiwa. Moja. Daktari kasema nyuzi zinatolewa baada ya siku kumi. Siku ya kumi na moja mtoto huyu atataka kurusha mpira, namjua, na mwarobaini uko palepale na misumari yake. Kuna watu wameshaanza kuja kumtazama. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja kutoka nje ya mkoa, akamuuliza mama yake kama yuko tayari mtoto aondoke. Mama akaja kuniuliza mimi. Ningekuwa na ringi ya kumwonyesha ningemwambia subiri kidogo. Sikuwa na cha kumwonyesha, nikamwambia afikirie.

Mchomeleaji wa hapa kwetu ameshakubali kufanya kazi bure ukileta bomba na bati la bodi. Vipimo asikutie mtu wasiwasi: kutoka chini mpaka kwenye ringi ni futi 10, upana wa ringi inchi 18. Futikamba ninayo. Nitapima mara mbili, kama ninavyompima yeye.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa kona ya bodaboda

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa; Mama Mlingoti; kijana anayekupokelea simu.