Bia ya pipa ihifadhiwe kwenye barafu yenye maji

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niwaeleze wanaojitengenezea bia nyumbani na kuwakirimu wageni nje kwamba povu linalojaa glasi mara nyingi husababishwa na joto, wala si ubovu wa bia yenyewe. Gesi ya kaboni hutulia ndani ya bia iliyo baridi, lakini bia ikipata joto, hata ikiwa ni ndani ya mpira wa kuipitishia tu, gesi hiyo hutoka kwa fujo.

Pipa lipozwe tangu usiku kwenye jokofu hadi nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, kisha liwekwe katika beseni la barafu na maji. Inanisikitisha kuona watu wakiyamwaga maji hayo, kwani vipande vya barafu peke yake huligusa pipa hapa na pale tu, ilhali maji hulizunguka pande zote na kulinyonya joto. Kivuli, bila shaka, ni lazima. Mpira nao uzamishwe humo humo, na koki ifunikwe kwa kitambaa kibichi, maana koki iliyoachwa juani huifanya glasi ya kwanza kuwa povu tupu.

Msomaji wako