Gari kugoma kuwaka kwenye baridi si lazima betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu ushauri uliotolewa wiki iliyopita katika safu ya magari ya gazeti lako, kwamba gari likianza kusuasua kuwaka asubuhi za baridi, mwenye gari abadilishe betri na shida itakwisha. Ushauri huo una ukweli, lakini ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyonigharimu mimi bei ya betri nzima.

Kwamba baridi huidhoofisha betri, hilo halina ubishi. Umeme wa betri hutokana na mmenyuko wa kikemikali kati ya asidi na madini ya risasi, na mmenyuko huo hupungua kasi kadiri joto linavyoshuka, kiasi kwamba kipimajoto kikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, hata betri isiyo na kasoro hubaki na takriban nusu ya uwezo wake. Wakati huohuo oili ya injini huwa nzito, hivyo stata hulazimika kuvuta umeme mwingi zaidi ili kuizungusha injini ileile iliyozunguka kwa wepesi jana mchana. Betri iliyokwisha kutumika miaka minne au mitano aghalabu hushindwa hapo, na kuibadilisha ni haki yake.

Ninacholalamikia ni kwamba mwandishi wenu hakuigusa kabisa njia ambayo umeme huo hupitia kutoka kwenye betri hadi kwenye stata. Gari langu lilikuwa likitoa mlio wa ta-ta-ta kila asubuhi ya baridi, taa za dashibodi zikififia, kisha kimya. Ikifika saa saba mchana, jua likiwa limechomoza vizuri, linawaka mara moja kana kwamba halijawahi kuugua. Fundi wa kwanza, ambaye hata mita ya kupimia umeme hakuitoa kwenye boksi lake, alisema betri imekufa. Nikanunua mpya. Baridi iliporudi, na ta-ta-ta ikarudi.

Fundi wa pili alianza kwa kupima. Betri, baada ya gari kulala usiku kucha, ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: aligusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo ya risasi ya betri yenyewe, na ncha ya pili kwenye kibano cha waya kilichoishika nguzo hiyohiyo, akaniambia nipige stata. Kati ya vitu viwili vinavyogusana, ambavyo havipaswi kupishana hata kwa nusu volti, mita ilisoma zaidi ya volti 2. Alipokifungua kibano, akianza na upande wa hasi kama inavyotakiwa, ndani yake tulikuta unga wa kijani ulioganda kama ukoko wa sufuria, ingawa kwa nje kilikuwa kinang'aa. Alisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, akafanya hivyohivyo pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, akakaza nati. Kazi yote haikufika nusu saa.

Sababu ya gari langu kupona mchana ilikuwa hapohapo. Kiungo kichafu hula volti kulingana na wingi wa umeme unaopita. Mchana, oili ikiwa nyepesi, stata huomba umeme kidogo na hasara haionekani, lakini asubuhi, inapoomba mwingi, hasara huongezeka hadi kile kinachoifikia stata hakitoshi kuigeuza injini. Fundi anayekuja saa nane mchana kuchunguza ugonjwa wa alfajiri ana kila sababu ya kukosea.

Kadhalika, safu hiyo ingewatenganisha wasomaji wenye tatizo jingine kabisa. Injini inayozunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki haina shida ya betri wala ya stata. Hapo mtu aangalie mafuta, plagi na, kwa magari ya kisasa, sensa ya joto la maji, ambayo ikiharibika huidanganya kompyuta kwamba injini ni ya moto na kuifanya imwage petroli kidogo kuliko inavyohitajika. Kwa dizeli, mara nyingi zilizokufa ni plagi za kupashia joto silinda, au dereva hakusubiri taa yenye alama ya koili izimike kabla ya kupiga stata. Na aliyejaza oili nzito ya 20W-50 mahali ambapo kitabu cha gari kinaruhusu ile nyepesi ya 5W-30 anaitesa stata bure.

Mwisho, naomba mrekebishe maelekezo ya kubusti, yaani kuliwasha gari lililogoma kwa umeme wa betri ya gari jingine. Waya mwekundu unaunganisha chanya kwa chanya, sawa. Lakini waya mweusi, baada ya kufungwa kwenye hasi ya betri nzima, ncha yake ya mwisho haifai kubanwa kwenye hasi ya betri iliyokwisha kama mlivyoandika. Ibanwe kwenye chuma kisicho na rangi katika injini ya gari lililogoma, mbali na betri, kwa kuwa cheche hutoka katika muunganisho huo wa mwisho, na betri hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Msomaji anayefuata maelekezo ya wiki iliyopita atakuwa ameinamia betri hiyo uso kwa uso.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi